Lwembe wa Lubaga na Malkia wa London: Kukosoa Hoja Moja ya Mwaka 1962

Katika masomo yetu ya historia ya Chama tunafundisha 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru, kisha tunaruka mpaka 9 Desemba 1962, siku ya Jamhuri. Miezi kumi na miwili iliyo katikati huachwa kama daraja ambalo mtu hulipita bila kutazama chini. Kijana akiuliza nani alikuwa mkuu wa nchi yetu katika miezi hiyo, hupewa jibu fupi: Malkia wa Uingereza, lakini kwa jina tu. Jibu hilo halitoshi. Nia ya makala haya ni kulikosoa, na pamoja nalo kuikosoa hoja moja ambayo sisi wenyewe tuliitumia kumwondoa Malkia. Kumwondoa lilikuwa jambo sahihi. Hoja yenyewe ilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ilitugharimu.

Tuanze na jinsi mambo yalivyokuwa. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilikuwa nchi huru yenye Bunge lake, Serikali yake na Waziri Mkuu wake, Mwalimu Julius Nyerere. Lakini mkuu wa dola alikuwa Elizabeth wa Pili, na aliyekaa Dar es Salaam kwa niaba yake alikuwa Sir Richard Turnbull, yule yule aliyekuwa Gavana wa kikoloni tangu 1958, sasa akiitwa Gavana Mkuu. Kwa mujibu wa Katiba, Bunge lilikuwa na sehemu mbili, Malkia na wabunge. Muswada uliopitishwa na wabunge wa TANU haukuwa sheria mpaka Gavana Mkuu auridhie kwa niaba ya Malkia. Wabunge hao hao waliapa kuwa watiifu kwa Malkia na warithi wake.

Hapa kuna jambo ambalo makada wengi hawalifahamu. Kabla ya Uhuru, Tanganyika haikuwa koloni kamili la Mwingereza. Baada ya Mjerumani kushindwa, nchi iliwekwa chini ya Uingereza na Shirika la Mataifa mwaka 1922, na tangu 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Mwingereza alitawala kama mdhamini, na ndiyo maana Mwalimu aliweza kwenda New York mwaka 1955 kumshitaki mbele ya waliompa dhamana. Kwa sheria, basi, Malkia hakuwa na taji la Tanganyika tulipokuwa tunatawaliwa. Alilipata siku ile tuliyojitawala. Mzee wa Rungwe aliyeuza kahawa yake msimu wa 1962 alilipwa kwa noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zenye picha ya Malkia, kama alivyolipwa kabla ya Uhuru. Ukimweleza kwamba sasa mama huyo ndiye amekuwa Malkia wake hasa kwa sababu amekwisha kuwa huru, angekuwa na haki ya kukutazama mara mbili.

Utaratibu huo haukubuniwa kwa ajili yetu. Ulibuniwa kwa ajili ya nchi za walowezi. Mwaka 1926, katika mkutano wa himaya uliofanyika London, Uingereza ilikubali kwamba Kanada, Australia, New Zealand, Afrika Kusini na wenzao ni sawa na yenyewe kwa hadhi, hakuna aliye chini ya mwenzake, na kinachowaunganisha ni utii wao kwa mfalme mmoja. Sheria ya Westminster ya 1931 ikakamilisha jambo hilo. Mtu mmoja akawa na mataji mengi: mfalme wa Kanada kwa ushauri wa mawaziri wa Kanada, mfalme wa Australia kwa ushauri wa mawaziri wa Australia, na kadhalika. Ni ubunifu wa werevu, na hatuna sababu ya kuudharau. Uliwapa walowezi uhuru wote walioutaka, na papo hapo ukawaachia undugu wa damu na mtaji na nchi mama.

Sasa tazama kilichotokea kwetu mwaka huo huo wa 1926. Gavana Donald Cameron alipitisha Dar es Salaam Sheria ya Mamlaka za Wenyeji, msingi wa utawala wa kutumia machifu. Wanyakyusa hawakuwa na mtawala mmoja. Walikuwa na nchi ndogo ndogo zilizokaribia mia, kila moja na malafyale wake, na hakuna malafyale aliyempokea mwenzake kama mkubwa wake. Serikali ya kikoloni haikuweza kufanya kazi na watu mia wasiokuwa na mkubwa. Ikawapanga katika mabaraza, ikawakweza wachache, ikawashusha wengi, ikawalipa mshahara, na wote wakawekwa chini ya bwana shauri wa Tukuyu, katika mji ambao Mjerumani aliuita Neu-Langenburg. Kwa hiyo mwaka ule ule ambao mzungu wa Kanada aliambiwa kwamba taji halimweki chini ya mtu, malafyale wa Selya aliambiwa, kwa jina la taji hilo hilo, kwamba sasa yuko chini ya karani. Anayesema kwamba taji lilikuwa jina tu aulize kwanza: jina tu kwa nani?

Mwaka 1962 Serikali yetu ilitoa Waraka wa Serikali Na. 1 wenye mapendekezo ya kuunda Jamhuri. Mwalimu alikuwa amekwisha jiuzulu Uwaziri Mkuu, tarehe 22 Januari 1962, ili akajenge Chama, na Ndugu Rashidi Kawawa ndiye aliyeongoza Serikali. Waraka huo ni mojawapo ya maandishi muhimu sana katika historia ya dola yetu, na ni aibu kwamba hausomwi. Ukiondoa mambo ya utaratibu, unabaki na hoja mbili.

Hoja ya kwanza ni kwamba ufalme ule ni wa kigeni. Haukutokana na watu wa Tanganyika, na watu hawawezi kuuona kuwa wao. Hiyo ni hoja ya kweli na haihitaji maneno mengi. Mwezi Januari 1962 Nelson Mandela alitua Mbeya akitoroka Afrika Kusini, akapokewa na viongozi wa TANU, mmoja wao John Mwakangale, mbunge. Alieleza baadaye kwamba hapo kwa mara ya kwanza alionja kuwa katika nchi inayotawaliwa na Waafrika. Aliyekuwa mkuu wa nchi hiyo kwa sheria ndiye pia aliyekuwa juu ya Rhodesia na Nyasaland, ng'ambo ya mpaka, ambako Waafrika wenzetu walikuwa wanafungwa kwa kudai walichokwisha kukipata wa Mbeya. Mtu mmoja, pande mbili za mto Songwe: huku Malkia wa watu huru, kule Malkia wa watawaliwa. (Tusisahau pia kwamba Makaburu walikwisha kumwondoa Malkia kabla yetu. Walitangaza jamhuri yao tarehe 31 Mei 1961 ili waendeshe ubaguzi bila kuulizwa. Jamhuri peke yake si uhuru wa mtu yeyote.)

Hoja ya pili ndiyo ninayotaka kuikosoa. Waraka ulisema kwa maana hii: katika mila zetu heshima apewayo mkuu haiwezi kutenganishwa na nguvu aliyo nayo, iwe ni chifu, mfalme au rais. Mfumo wa Kiingereza, unaompa mtu mmoja heshima na mwingine madaraka, hauna maana kwa Mwafrika. Kwa hiyo rais wetu awe na vyote viwili, awe mkuu wa dola na mkuu wa Serikali.

Hoja hii imekaririwa hata imekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Lakini je, ni kweli? Mwanafunzi wa itikadi hatakiwi kukubali neno juu ya mila za watu kabla ya kuuliza mila za watu gani, wapi, na wakati gani. Nami nasema kwamba aliyeandika sentensi ile angepanda gari mpaka Tukuyu, akateremka Selya mpaka Lubaga, angeifuta.

Lubaga palikuwa pahali pa Lwembe. Masimulizi ya Wanyakyusa yanasema kwamba Lwembe wa kwanza alitoka Ukinga, kwenye milima ya Livingstone, na kwamba ukoo wake ndio ulioleta chuma na moto na ndiyo asili ya watawala wengi. Warithi wake waliitwa kwa jina lake. Lwembe hakuwa na jeshi. Hakutoza kodi katika nchi za wenzake, hakuamua kesi zao, hakuwateulia wakuu wa vijiji. Malafyale wa Selya na wa nchi nyingine walikuwa huru kabisa, na walipigana wenyewe kwa wenyewe bila kumwomba ruhusa. Na bado walimtambua. Mvua ilipochelewa au ng'ombe walipokufa, walipeleka sadaka Lubaga, kwa sababu waliamini rutuba ya nchi zao zote ilikaa katika mwili wa mtu yule mmoja. Huo ni nini, kama si nchi nyingi huru zenye mkuu mmoja wa heshima asiyekuwa na madaraka?

Maelezo mengi tuliyo nayo yametoka kwa Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938. Monica Wilson aliyachapa katika vitabu kadhaa, na kimoja, Communal Rituals of the Nyakyusa cha 1959, kinaeleza mambo ya Lubaga kwa kirefu. Tuvisome kwa macho makavu. Hawa walikuwa wataalamu waliofanya kazi chini ya kivuli cha bwana shauri, na katika vitabu vyao mkoloni mara nyingi ni kama hali ya hewa: yupo, lakini haulizwi. Simon Charsley, katika The Princes of Nyakyusa cha 1969, aliirudia historia hiyo kwa kuuliza ni mambo gani yalikuwa ya zamani na yapi yalipata sura yake chini ya ukoloni, na wanahistoria wengine nao walitahadharisha kwamba mipaka ya utii kwa Lwembe ilibadilika karne ya 19, wakati wa vita na Wasangu na Wangoni. Naikubali tahadhari hiyo. Haiondoi jambo la msingi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemwona Lwembe kama mtawala wa Unyakyusa.

Lakini tusiishie kwenye mfanano. Tofauti kati ya Lubaga na London ndiyo yenye somo.

Lwembe alifungwa na heshima yake. Alikaa Lubaga akilindwa na makuhani, na mwili wake haukuwa mali yake. Kwa kuwa afya yake ndiyo iliyokuwa afya ya nchi, hakuruhusiwa kufa kwa ugonjwa. Alipougua sana, makuhani walimziba pumzi akafa, na kabla hajakata roho walichukua nywele na kucha zake wakazifukia katika tope la Lubaga ili rutuba isiondoke naye. Haishangazi kwamba watu waliukimbia urithi ule, na kwamba mrithi alikamatwa badala ya kuchaguliwa. Huko London watu waliuana kwa karne nyingi ili waupate ufalme. Lubaga watu walijificha wasiupewe.

Sisemi turudi huko. Kumziba mtu pumzi ni ukatili, na imani iliyo nyuma yake haitapandisha gunia moja la mahindi. Nasema tutazame mahali ambapo madaraka yalikaa. Heshima ya Lwembe ilikuwa mikononi mwa watu wa pale pale, waliomjua, waliokula chakula cha ardhi ile ile, na ambao wangepata njaa pamoja naye. Walikuwa na njia ya kumdai. Malkia wa Tanganyika hakudaiwa na mtu yeyote wa Tanganyika. Mvua ikinyesha au isinyeshe Rungwe, yeye alikuwa Malkia.

Na huko chini kwa malafyale mwenyewe, aliyekuwa na madaraka ya kweli, mambo yalikuwaje? Hapa ndipo Waraka wa 1962 ulipokosea zaidi. Wanyakyusa walikuwa na kitu ambacho Monica Wilson alikitafsiri kuwa pumzi ya watu. Wanakijiji wakimnung'unikia mtu kwa kosa la kweli, iliaminika kwamba pumzi yao humwingia mwilini kama baridi, akaugua. Hata malafyale hakusalimika nayo. Aliyewanyima watu nyama, aliyekalia mali peke yake, aliyewatukana wakuu wa vijiji, alipopata homa alijua aanze kujitetea wapi. Amafumu, yaani wakuu wa vijiji, hawakutoka katika ukoo wa utawala. Walikuwa watu wa kawaida, na nguvu yao ilikuwa upande wa pili wa mizani. Sisi hatuhitaji kuamini kwamba manung'uniko huleta homa. Tunahitaji kuona kwamba jamii hii ilijenga, kwa lugha ya imani yake, chombo cha kumzuia mwenye nguvu, na ikakiweka mikononi mwa wasio na nguvu.

Kulikuwa pia na ubusoka, yaani kutoka. Mara moja kwa kizazi, wana wa malafyale walipokomaa pamoja na rika lao, nchi ilikabidhiwa. Mioto ya zamani ilizimwa, moto mpya ukawashwa, vijana wakawekewa wakuu wao wa vijiji, na nchi ikagawanywa kati ya wana wawili. Mzee alikaa kando, na hakutazamiwa kuishi siku nyingi baada ya hapo. Kwa maneno ya leo, utawala ulikuwa na kipindi, na kipindi hicho hakikuwekwa na mtawala mwenyewe.

Atasimama kada mmoja aniambie kwamba ninaremba ukabaila. Ana haki ya kuuliza. Malafyale alikuwa na ng'ombe wengi na wake wengi. Binti aliolewa kwa ng'ombe ambao hakuwamiliki. Kijana alilima shamba la baba yake akisubiri ng'ombe wa kuolea, na wazee walikuwa na kila sababu ya kumsubirisha. Vijiji vya rika, ambavyo wageni wamevisifu sana, havikuondoa unyonyaji huo. Vijana wengi walikwenda kuutafutia dawa katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, na baadaye katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Kwa hiyo Serikali ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963 haikukosea. Waliofutwa, kwa kweli, walikuwa zaidi machifu wa Cameron kuliko watawala wa zamani: watu wa mshahara, ambao pumzi ya watu haikuwafikia tena kwa sababu waliwekwa na kuondolewa na Serikali.

Tena Unyakyusa una jirani anayetufundisha jinsi heshima inavyogeuka kuwa utawala. Ng'ambo ya Songwe, katika nchi ya Ngonde iliyoko Malawi, alikaa Kyungu, ambaye masimulizi yanamhusisha pia na watu waliotoka Ukinga. Hapo mwanzo Kyungu alikuwa kama Lwembe, mtu wa kutengwa na kuheshimiwa juu ya kilima cha Mbande. Godfrey Wilson alieleza katika The Constitution of Ngonde ya 1939 jinsi mambo yalivyobadilika: biashara ya pembe za ndovu ilipofika kwenye ziwa, ilipitia mikononi mwa Kyungu. Akapata nguo na bidhaa za kuwagawia wakuu, wakuu wakawa wanamtegemea, naye akawa mtawala hasa. Lwembe hakuwa na bandari ya pembe, akabaki kuhani. Mtu wa itikadi hahitaji maelezo zaidi kuliko hayo. Heshima tupu inageuka kuwa madaraka siku inapopata uchumi wa kuitegemeza.

Sasa turudi Dar es Salaam. Kwa kipimo hicho taji la Malkia halikuwa tupu hata kidogo mwaka 1962. Fedha yetu ilitolewa na Bodi ya Sarafu iliyofungamana na paundi, na Benki Kuu yetu haikufunguliwa mpaka Juni 1966. Maofisa wa jeshi walikuwa wengi Waingereza. Rufani ya mwisho ilisikilizwa London. Malkia hakuhitaji kutoa amri yoyote. Amri zilikuwa zimekwisha tolewa na vitu hivyo. Ndiyo sababu kumwondoa Malkia hakukutosha. Mwaka mmoja na wiki chache baada ya Jamhuri, Januari 1964, askari waliasi, na miongoni mwa madai yao lilikuwa kuondolewa kwa maofisa hao wa Kiingereza. Ilitubidi tuwaite makomandoo wa Malkia yule yule waje kuyazima maasi. Kazi ya kulivunja taji lililokuwamo ndani ya uchumi ilianza kwa dhati na Azimio la Arusha, 1967.

Kwa hiyo msingi imara wa Jamhuri ungekuwa huu: heshima ya dola yetu isikae mikononi mwa watu tusioweza kuwadai, wala uchumi wetu. Hoja hiyo ingetosha. Badala yake tukaongeza ile ya pili, kwamba Mwafrika hatenganishi heshima na nguvu, na hiyo ndiyo iliyoandika Katiba. Gavana Mkuu alikuwa mtu asiyeweza kufanya jambo ila kwa ushauri wa mawaziri. Rais wa 1962 alitamkwa kuwa mtu asiyelazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapoagiza. Kanuni hiyo tumeihifadhi mpaka leo katika ibara ya 37 ya Katiba ya 1977. Katika usiku mmoja, kiti kilekile kilitoka kwa mkuu anayefungwa na ushauri wa wote kikaenda kwa mkuu asiyefungwa na ushauri wa yeyote. Mwaka huo huo wa 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ndiyo iliyokuja kuitaja katika sheria 40 zinazofaa kufutwa au kurekebishwa.

Ilitufaa kwamba aliyekikalia kiti hicho alikuwa Mwalimu. Alikwisha onyesha Januari 1962 kwamba anaweza kuacha cheo, na akaonyesha tena 1985. Lakini hapo ndipo palipo na hatari ya fikra. Tulitegemea tabia ya mtu pale ambapo Wanyakyusa, pamoja na imani zao zote, hawakuitegemea. Hawakungoja malafyale mwema. Chama kiliiona hatari hiyo: Mwongozo wa 1971 ulikemea viongozi wenye majivuno na dharau kwa wananchi, na wafanyakazi wa viwandani waliuchukua kama silaha yao hata baadhi ya wakubwa wakaogopa. Hilo lilikuwa karibu sana na pumzi ya watu kuliko kifungu chochote cha Katiba. Halikudumu. Kikomo cha vipindi viwili vya Rais hakikuingia katika Katiba mpaka marekebisho ya 1984, miaka 22 baada ya Jamhuri. Babu zetu wa Rungwe walikuwa nacho, katika sura yao, kabla Mjerumani hajajenga boma.

Wapo wasomi ambao, wakisikia ukosoaji kama huu, hurukia upande wa pili. Husema kwamba basi tungemwacha Malkia awe mwamuzi juu ya wanasiasa, kama walivyofanya wengine. Leo nchi 15, pamoja na Uingereza, zina mfalme mmoja, Charles wa Tatu, aliyerithi Septemba 2022, ingawa Barbados ilikwisha jitoa mwaka 2021. Katika Afrika hakuna hata moja. Mauritius ilikuwa ya mwisho, ikawa jamhuri Machi 1992. Wenzetu hawa wanataka tuamini kwamba mfalme wa mbali ni mlinzi wa katiba. Tuwaulize alilinda nini.

Mwaka 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia huku akiapa kwamba ni mtiifu kwa Malkia. Gavana Humphrey Gibbs alimfukuza kazi kwa jina la Malkia, Smith akampuuza, na Gibbs akabaki nyumbani kwake kama Lwembe bila makuhani. Machi 1968 Malkia aliwasamehe Waafrika watatu waliohukumiwa kifo, James Dhlamini, Victor Mlambo na Duly Shadreck. Smith akawanyonga. Hapo ndipo taji lilipotakiwa kufanya kazi yake, na kamba ikawa na nguvu kuliko taji. Lakini huko Australia, tarehe 11 Novemba 1975, Gavana Mkuu John Kerr alimwondoa Waziri Mkuu Gough Whitlam, kiongozi wa chama cha wafanyakazi mwenye wingi katika baraza la wawakilishi. Pale taji lilikuwa na nguvu tele. Na Oktoba 1983, baada ya Maurice Bishop kuuawa na wenzake, Marekani iliivamia Grenada, na ombi la Gavana Mkuu Paul Scoon likatumiwa kuwa kibali, hali Malkia mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa Grenada, hakuulizwa. Mbele ya mlowezi mwenye bunduki taji likanyamaza. Mbele ya serikali ya wafanyakazi likapata sauti, na mbele ya kisiwa kidogo likawa muhuri wa mgeni. Mwamuzi wa namna hiyo si wa kutamaniwa.

Tofauti ya njia mbili inaonekana vizuri ukisimama kwenye kingo za Songwe, eneo ambalo mwaka 1962 lilikuwa bado ndani ya wilaya ya Rungwe. Upande wetu Malkia aliondoka Desemba 1962. Upande wa pili Nyasaland ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964 kwa jina la Malawi, naye akawa Malkia wa huko kwa miaka miwili, mpaka Julai 1966. Nao walipomwondoa waliunganisha heshima na madaraka kama tulivyofanya sisi, wakampa Dakta Hastings Banda vyote. Mwaka 1971 akafanywa Rais wa maisha. Ndugu wa Ngonde na ndugu wa Kyela, wanaosikilizana lugha na kuoana, waliishi miaka zaidi ya ishirini chini ya katiba zilizofanana katika jambo hilo moja, na kilichotofautisha maisha yao kwa sehemu kubwa ilikuwa ni nani aliyekaa katika kiti. Banda aliondolewa kwa kura mwaka 1994, akiwa mzee sana, baada ya watu wake kunung'unika kwa muda mrefu.